Kabichi, Karoti na Maharage Machanga kwa Mgonjwa wa Figo: Mwongozo Kamili wa Kupika kwa Chungu cha Umeme

Chungu cha umeme cha kupika polepole hakipunguzi potasiamu, madini yaliyomo kwenye mboga ambayo figo mbovu zinaweza kushindwa kuyatoa mwilini. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu wengi wanaomhudumia mgonjwa wa figo hukinunua wakiamini kwamba chakula kilichoiva taratibu kwa saa nyingi ni chepesi kwa figo. Kwa tumbo, huenda. Kwa figo, sivyo. Potasiamu haiungui wala haipai na mvuke. Inachofanya ni kutoka kwenye mboga na kuingia kwenye maji, basi ukimwaga maji umeimwaga nayo. Chungu cha umeme kimefunikwa muda wote, maji yake hayamwagwi, na mchuzi wote unaishia kwenye sahani. Kazi ya kuipunguza inafanyika kabla, kwenye kibao cha kukatia na kwenye sufuria ya kawaida. Baada ya hapo chungu kinafanya kile kinachokiweza: kuunganisha ladha bila kuegemea chumvi, na kukuachia mikono.

Na kuachiwa mikono si jambo dogo. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda hospitali mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, ukiacha foleni na barabara. Anayempeleka mara nyingi ndiye huyo huyo anayetakiwa kupika. Mboga hii inakaa kwenye moto mdogo saa tatu hadi nne bila kuguswa. Mnarudi nyumbani mgonjwa amechoka, hataki maneno mengi, na chakula kipo.

Kabla ya kuwasha chochote, angalia majibu ya damu

Si kila mgonjwa wa figo anatakiwa kupunguza potasiamu. Kiwango cha kawaida kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita, ingawa maabara hutofautiana kidogo. Kikipanda sana mapigo ya moyo huvurugika, na mtu anaweza kupoteza maisha bila dalili kubwa za kumwonya. Lakini wapo ambao kiwango chao kiko sawa kabisa. Wapo pia, hasa wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo, ambao huambiwa waongeze. Ukimnyima mboga mtu ambaye damu yake haina shida hiyo, unachomletea ni choo kigumu na huzuni mezani.

Kwa hiyo muulize daktari au mtaalamu wa lishe kiwango chake cha mwisho ni kipi, na maji anaruhusiwa kiasi gani kwa siku. Kama potasiamu haijapanda, hatua ya kuchemsha na kumwaga maji hapa chini unaweza kuiruka. Mengine yote yafanye vilevile, ila uongeze saa moja hivi kwenye chungu.

Jambo moja la pembeni: kabichi ina vitamini K, na vitamini hiyo hupingana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayeitumia hakatazwi kabichi, ila asile rundo leo kisha akae wiki mbili bila kuigusa. Kiasi kiwe kilekile, na daktari ajue.

Kwa nini mboga hizi na si nyingine

Gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban miligramu 170 za potasiamu. Maharage machanga, yale ya maganda ya kijani ambayo Kenya wanayaita mishiri, yana kama 210. Kitunguu maji 146, hoho ya kijani 175. Karoti imepanda kidogo, 320, ndiyo maana hapa inatumika kwa kiasi, kwa ajili ya utamu wake na rangi. Linganisha na mchicha wetu, unaozidi 600, au viazi mviringo vinavyozidi 400, au ndizi za kupika karibu 500. Ukienda sokoni na tarakimu hizo kichwani huhitaji kubeba karatasi ya hospitali.

Kipimo kinachotumika sana kwa wagonjwa wa figo ni hiki: chakula chenye miligramu 200 au pungufu kwa pakuo moja huhesabiwa kuwa na potasiamu ndogo. Pakuo moja la mboga iliyopikwa ni nusu kikombe, si sahani iliyojaa. Hapo ndipo watu wanapokwama. Mboga "salama" ikiliwa bakuli tatu si salama tena.

Utakachohitaji

Kwa chungu cha lita 3 hadi 4:

- kabichi gramu 600 (nusu ya kabichi ya wastani)
- karoti 2 za wastani, gramu 150 hivi
- maharage machanga gramu 200
- kitunguu maji 1 kikubwa
- pilipili hoho 1 ya kijani
- kitunguu swaumu punje 3
- kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba
- mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, nzima, isiyosagwa
- manjano nusu kijiko cha chai
- pilipili manga ya kusaga, kiasi
- tui zito vijiko 4 vya chakula
- ndimu 1
- majani ya giligilani, konzi moja
- maji robo kikombe
- chumvi robo kijiko cha chai kwa chungu kizima, kama daktari hajaikataza kabisa

Tui nimelibakiza kwa makusudi. Mtu wa pwani ukimwambia kabichi bila nazi ataona umemwadhibu mara mbili. Tui lina potasiamu, ndiyo, karibu miligramu 325 kwa gramu 100 likiwa zito la kukamua bila maji, lakini vijiko vinne kwa chungu kizima ni kitu kinachogawanyika kikapotea. Maji ya dafu ni habari nyingine. Hayo kwa mwenye potasiamu ya juu yakae mbali.

Ambavyo havitaingia kwenye chungu

Magadi kwanza. Wapishi wengi huyatia ili mboga ilainike haraka na ibaki kijani, na magadi ni chumvichumvi ya sodiamu tupu. Kupunguza chumvi ya mezani halafu ukatia magadi ni kuingia kwa mlango wa nyuma. Sehemu za magharibi mwa Kenya hutumia maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage au ya ndizi. Hayo ni mabaya zaidi kwa mgonjwa huyu, kwa kuwa majivu ya mimea yamejaa potasiamu yenyewe.

Vidonge vya mchuzi na viungo vya unga vya pakiti: soma maandishi nyuma yake, mara nyingi chumvi ndiyo kiungo cha kwanza. Vingine vina fosfeti za kiwandani (aina ya fosforasi, madini mengine yanayomlemea mgonjwa wa figo), ambazo mwili hunyonya karibu zote, tofauti na fosforasi iliyomo kwenye mboga ambayo sehemu kubwa hupita tu.

Chumvi mbadala, ile inayouzwa kwa wenye presha, ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Inauzwa kama kitu cha afya, na kwa mtu mwenye figo nzima inaweza kuwa hivyo. Lakini nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Ukiona neno potasiamu kwenye kopo, irudishe kwenye rafu.

Nyanya ya kopo: gramu 100 za ile nzito zina takriban gramu nzima ya potasiamu. Hoho na ndimu zitafanya kazi yake hapa.

Mabirimbi. Najua yanavyonoga kwenye mboga, na pwani kila nyumba ina jirani mwenye mti. Lakini yamejaa oksalati, kemikali ya asili inayoweza kuganda ndani ya figo, na juisi yake nzito imewahi kuharibu figo za watu waliokuwa wazima. Uchachu utoke kwenye ndimu.

Na kama ulikuwa na wazo la kutupia konzi ya maharage makavu mekundu ili chakula kishibishe, usiyatie mabichi. Yana sumu ya asili ambayo haifi mpaka yatokote kwa nguvu dakika kumi kamili, na chungu cha umeme kwenye moto mdogo kinaweza kisifike kwenye mtokoto huo.

Hatua ya kwanza: kukata

Osha kabichi, toa majani ya nje na kigogo cha katikati. Ikate nyembamba, upana wa penseli au chini ya hapo. Karoti zimenye na uzikate vipande vyembamba vya mviringo, au uzikwangue kwa upande wa matundu makubwa wa kikwangulio. Maharage machanga yakate ncha zote mbili, vuta uzi wa ubavuni kama upo, kisha uyagawe kila moja vipande vitatu.

Wembamba huu si urembo. Potasiamu hutoka kupitia sehemu iliyokatwa, na kadiri unavyokata vidogo ndivyo maji yanavyopata njia. Utafiti wa viazi mviringo uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha hivi: vilivyokatwa vipande na kuchemshwa vilipoteza karibu nusu ya potasiamu yake, vilivyokwanguliwa na kuchemshwa vilipoteza kama robo tatu, na kuviloweka tu kwenye maji bila kuchemsha hakukuwa na faida ya maana. Bado kuna watu wanaloweka mboga usiku kucha kwenye beseni kwa imani. Ni moto na maji mengi vinavyofanya kazi. Beseni peke yake ni kupoteza usingizi.

Hatua ya pili: kuchemsha na kumwaga

Chukua sufuria kubwa kuliko zote ulizonazo. Weka maji lita 4, yasiwe na chumvi, yafunike yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa. Tia karoti na maharage machanga pamoja. Acha yatokote dakika nane bila kufunika. Yaopoe kwa mwiko wa matundu, uyaweke kwenye chujio.

Mwaga maji hayo. Usiyatumie kwa kabichi, hata kama gesi imepanda bei. Chemsha mengine lita 4, tia kabichi, igeuze mara moja, hesabu dakika tatu au nne. Utaona maji yanageuka rangi ya chai ya mchaichai na jikoni kunanuka kabichi. Hiyo ndiyo ishara kwamba vilivyokuwa ndani vinatoka. Mwaga kwenye chujio juu ya sinki, kisha bonyeza kabichi kwa mgongo wa mwiko mpaka matone yaishe. Usiharakishe kubonyeza. Maji yanayobaki kati ya majani ndiyo yale yale uliyotaka kuyaondoa, na kwa mgonjwa anayepimiwa maji ya siku, kila robo kikombe ina hesabu yake.

Vitamini nyingine zitaondoka na maji, hasa C. Ni bei tunayolipa, na ndiyo sababu nyingine ya kutofanya hatua hii kwa mtu ambaye hakuambiwa apunguze.

Hatua ya tatu: kukaanga kiungo

Watu wengi hutupa kila kitu chunguni kikiwa kibichi, wakafunika. Kitakachotoka ni mboga ya kuchemsha yenye harufu ya kitunguu kibichi. Chungu cha umeme hakikaangi. Kwa saa tatu au nne joto lake halitoshi kukipa kitunguu rangi. Na kwa kuwa chumvi tumeibana, hapa ndipo ladha inapotoka.

Pasha mafuta kwenye kikaango, moto wa wastani. Tia bizari nyembamba. Ikianza kulia na kupanda rangi, kabla haijawa nyeusi, tia kitunguu kilichokatwa nyembamba. Kaanga taratibu mpaka kingo ziwe kahawia, dakika nane hadi kumi. Tia kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, koroga dakika moja, ndipo manjano na pilipili manga. Manjano yakishagusa mafuta na kutoa harufu, zima. Mimina maji robo kikombe kwenye kikaango hicho hicho na ukwangue vyote vilivyoshika chini.

Hatua ya nne: kwenye chungu

Panga karoti na maharage chini, karibu na joto, hoho juu yake, kabichi mwisho. Mwagia kiungo chote juu. Chungu kijae kuanzia nusu hadi theluthi mbili. Kikiwa na kidogo sana mboga itakauka pembeni, kikijaa mpaka mdomoni katikati itachelewa kupata moto.

Usiongeze maji. Mkono utawasha, kwa sababu kwa macho ya mpishi aliyezoea jiko la mkaa robo kikombe ni mzaha. Lakini hapa mvuke hautoki. Unagonga mfuniko, unarudi chini, na kabichi yenyewe inaendelea kutoa maji yake.

Funika, weka kwenye moto mdogo (kitufe kimeandikwa "Low") kwa saa tatu hadi nne, au moto mkubwa kwa saa moja na nusu hadi mbili. Usifunue kuchungulia. Kila ukifunua joto lililokusanyika linatoroka, na chungu huhitaji dakika ishirini au zaidi kulirudisha. Mfuniko mara nyingi ni wa kioo. Angalia kupitia hapo.

Hatua ya tano: kumalizia

Nusu saa kabla ya kupakua, tia tui na uchanganye kwa mwiko wa mti, taratibu, ukitoa vya chini juu. Tui likikaa saa nne chunguni hukatika likawa chembechembe na mafuta, kwa hiyo lisiingie mapema.

Chumvi mwisho kabisa, baada ya kuzima. Iliyonyunyizwa juu mwishoni ulimi unaikuta mara moja. Iliyotiwa mwanzo huzama ndani ya mboga na utadhani haipo, ndipo unapoongeza. Robo kijiko cha chai ina takriban miligramu 580 za sodiamu, na ikigawanywa kwa mapakuo kumi kila moja linapata kama 58. Kwa siku nzima, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike miligramu 2,000.

Kamulia ndimu, nyunyiza giligilani, koroga mara moja, onja. Hapa nisikilize vizuri: ndimu ndiyo inayobadilisha chakula hiki. Baba mdogo wangu, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye ng'onda na papa mkavu, aliletewa sahani kabla ndimu haijakamuliwa. Akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza, "Mwanangu, hii umenipikia au umeniandikia?" Ilirudi jikoni, ikatiwa ndimu na pilipili mbuzi iliyochanwa, ikarudi mezani. Hakusema kitu, alikula.

Hesabu ya chungu kizima

Ukijumlisha potasiamu ya vitu vyote vikiwa vibichi, unapata kama miligramu 2,600. Chungu kinatoa nusu vikombe kumi, pengine kumi na moja. Bila kuchemsha na kumwaga, kila pakuo lingekuwa na kama 260, juu ya kile kipimo cha 200. Kabichi, karoti na maharage peke yake vimechangia karibu 1,900 ya jumla hiyo. Tukichukulia kwamba maji tuliyomwaga yameondoka na thuluthi moja tu ya hiyo 1,900, chungu kinabaki na kama 1,970, na pakuo linashuka chini ya 200. Ukiacha mchuzi chini na kupakua kwa mwiko wa matundu, linashuka zaidi. Mchuzi wapewe wazima, wao hawadhuriki.

Pakulia na wali mweupe, ambao potasiamu yake ni ndogo mno, au ugali wa sembe. Dona ni nzuri kwa watu wengi, lakini ina potasiamu na fosforasi zaidi ya sembe, kwa hiyo kwa mgonjwa huyu ushauri wa kawaida unageuka.

Yanayoweza kuharibika

Umeme ukikatika mkiwa mmetoka, angalia muda. Kama mnajua umekatika chini ya saa mbili na chungu bado ni cha moto ukikigusa, hamishia chakula kwenye sufuria ukimalizie kwenye gesi au mkaa mpaka kitokote. Kama hamjui ulikatika saa ngapi na chakula ni vuguvugu, tupa. Inauma, lakini kinga ya mwili ya mgonjwa wa figo mara nyingi iko chini, na tumbo la kuharisha kwake linaweza kuishia wodini.

Mboga ikirojeka, mara ijayo punguza muda wa chungu, usipunguze wa kuchemsha. Ikiwa na mchuzi mwingi, hukuikamua kabichi vya kutosha. Karoti zikibaki ngumu wakati kabichi imeiva, ulizikata nene au uliziweka juu.

Ukitaka kubadilisha

Koliflawa na biringanya vinaingia badala ya maharage machanga, kwa utaratibu uleule wa kuchemsha. Viazi vikitamaniwa sana, weka kimoja kidogo, kilichokwanguliwa na kuchemshwa kwenye maji yake peke yake. Mchicha, matembele na kisamvu nisingevipika kwa njia hii hata kidogo. Chemsha kwenye maji mengi, mwaga, kaanga haraka, na mgonjwa apate vijiko viwili pembeni ya kitu kingine.

Kuhifadhi

Kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Gawanya kwenye vyombo vifupi ili kipoe haraka, weka kwenye friji, kiliwe ndani ya siku tatu. Andika kwenye mfuniko "nusu kikombe", hasa kama mwingine ndiye atakayempakulia. Kupasha moto ni kwenye sufuria mpaka kifuke mvuke, si kwenye chungu cha umeme, ambacho kingekikalisha saa nzima kwenye joto wanalolipenda bakteria. Ndimu kamulia upya.